Waiteni vijana kabla andiko halijafungwa

Barua ya wazi kwa wakurugenzi na wajumbe wa bodi za mashirika yasiyo ya kiserikali, kwa wafadhili wao, na kwa maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri

Ndugu zangu,

Kwa walionizidi umri, shikamooni. Kwa wenzangu wa kazi, poleni na majukumu.

Nimekaa pande zote mbili za meza hii. Nikiwa na miaka 19 nilikuwa mwelimishaji rika huko Temeke, yaani kijana anayewaelimisha vijana wenzake, nagawa vipeperushi kwa nauli ya kujitolea. Leo nina miaka 31, ni afisa mradi, na siku zangu zinaishia kwenye maandiko ya kuombea fedha za miradi, taarifa za robo mwaka na barua pepe za wafadhili. Ninawaandikia kwa jambo moja. Tunawaita vijana andiko likiwa limeshafungwa na bajeti imeshagawanywa, halafu tunaandika kwamba walishirikishwa.

Nianze na karatasi ya mahudhurio, maana hapo ndipo mimi nilipolijua jambo hili.

Tulialikwa kikao cha wadau kwenye ukumbi wa kata. Viti vya plastiki, feni moja, bango kitita limesimamishwa mbele na maka peni za rangi tatu. Mlangoni kila mmoja alijaza mstari wake: jina, umri, jinsi, mtaa, namba ya simu, sahihi. Tulikuwa thelathini na kitu. Shirika lilitaka kuanzisha huduma rafiki kwa vijana ndani ya kituo cha afya: ushauri nasaha, kupima VVU, uzazi wa mpango, yale ambayo kijana wa mtaani hawezi kuyauliza nyumbani. Mwezeshaji, dada mpole kabisa, akatuuliza changamoto zetu ni zipi. Tukazitaja. Zilizoingia kwenye mradi akaziandika. Nyingine akasema tutazirudia baadaye.

Kijana mmoja aliyekuwa akiuza maji stendi akanyoosha mkono. Akasema chumba kisiwe ndani ya kituo cha afya. Kiwe karibu na uwanja wa mpira, na kifunguliwe jioni, kwa sababu muuza maji hawezi kuacha biashara saa nne asubuhi akaongee na nesi. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini: "Na mama yangu mdogo anapeleka mtoto kliniki pale pale." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mwezeshaji akamshukuru, na kwenye bango hakuandika kitu. Jengo lilikuwa limeshachaguliwa, ila hilo tulikuja kulijua baadaye. Tukapewa soda na sambusa, tukasaini tena kwa ajili ya nauli, tukapiga picha ya pamoja.

Mwaka uliofuata chumba kikazinduliwa. Mgeni rasmi, risala, utepe, fulana zenye nembo. Ukuta wa buluu, televisheni, viti vizuri. Mlango wake ukawa unatazamana na benchi ambalo kina mama wanakaa kusubiri watoto wapimwe uzito. Ukitaka kuingia lazima upite mbele ya shangazi yako, jirani, mke wa mjumbe, mama wa rafiki yako, wote wamekaa na wana muda wa kukutazama. Kilifunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, saa za ofisi ya serikali. Sisi waelimishaji rika tulishinda mle ndani tukitazamana. Baada ya miezi kadhaa televisheni ikahamishiwa ofisini, na chumba kikaanza kuwekwa maboksi ya vyandarua.

Taarifa ya mradi ule nilikuja kuisoma miaka mingi baadaye, nilipoingia kwenye kazi hizi. Imeandikwa kwamba vijana walishirikishwa kikamilifu katika kubuni huduma. Ushahidi ni karatasi ya mahudhurio, imebandikwa mwishoni kama kiambatisho. Sahihi yangu imo.

Siwaandikii ili kulisema vibaya shirika lile, kwa sababu nilipopata nafasi nilifanya yale yale. Mwanzoni mwa 2022 tangazo la ruzuku lilitoka, tukawa na wiki tatu. Tulijifungia hotelini Morogoro siku nne, watu watano na kompyuta zetu. Novemba 2021 serikali ilikuwa imetangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi kwenye shule za mfumo rasmi, na kila mfadhili alitaka kusikia habari za mabinti hao. Sisi tukaandika mradi wa wale ambao hawatarudi: miezi sita ya ushonaji, kisha cherehani kwa kila mhitimu. Kuandika tulijua. Tukashinda.

Wiki ya tatu darasa lilikuwa nusu tupu. Nilikwenda mtaani kumtafuta mmoja wao, nikamkuta anafua nguo za watu, mtoto yuko mgongoni. Akanisogezea kigoda, akafuta mikono kwenye kanga, akaniambia kwa heshima tu: "Dada, mngeniuliza ningewaambia. Darasa ni saa tatu asubuhi, na huyu ana miezi minane. Nimwache na nani?"

Fedha ya chai ya washiriki ilikuwepo kwenye bajeti. Ya bango la mradi ilikuwepo. Ya mlezi wa watoto haikuwepo, na kuiongeza kulihitaji kibali cha mfadhili, kikachukua miezi miwili na nusu. Vyerehani tulivigawa kama tulivyoahidi. Baadhi viliuzwa kabla ya mwaka kuisha, na siwalaumu waliouza. Mtaa ule ulikuwa na mafundi wa kutosha, na nguo za mitumba zimejaa hadi barabarani. Binti yeyote pale angetuambia hivyo kwa dakika mbili, bure.

Tunapoandika "walengwa ni vijana" tunazungumzia watu wangapi? Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na zaidi ya theluthi moja wana umri wa miaka 15 hadi 35. Nyaraka za kutulazimisha kuwasikiliza zipo tele. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unataka maoni ya mtoto yasikilizwe na yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul Julai 2006, unampa kijana haki ya kushiriki katika nyanja zote za jamii yake. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Baraza la Vijana mwaka 2015. Haya yote tunayanukuu vizuri sana kwenye ukurasa wa utangulizi wa maandiko yetu.

Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart aliichorea UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vipandio vinane. Vipandio vitatu vya chini kabisa hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo: pale watoto wanapotumiwa, wanapowekwa kama pambo, na wanapokaa kwenye kiti ilimradi waonekane wapo. Nilipoiona ngazi hiyo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka yule muuza maji na mkono wake hewani. Kikao chetu hakikuwa kimepanda zaidi ya pale.

Na lile suala la benchi halijaisha. Tangu 2019 sheria ya Tanzania inamruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Maana yake leo mlango wa chumba unatazama wapi ni swali linalomhusu hata mwanafunzi wa kidato cha pili. Watu wanaoweza kulijibu ni wanafunzi wa kidato cha pili.

Mwaka juzi tulijaribu namna nyingine, na ndiyo sababu nimepata ujasiri wa kuandika. Kabla ya kuandika hata sentensi moja tulikwenda kwenye kijiwe cha bodaboda, kisha kwenye saluni ambayo mabinti wengi hukutana jioni. Tulibeba makopo saba na maharage. Sita yalikuwa na picha: ukumbi, vifaa, walimu, nauli, ufuatiliaji, vikao vya wadau. La saba halikuwa na picha. Tuliwatajia kiasi chote cha fedha tulichotarajia kuomba, jambo ambalo bosi wangu alilipinga hadi asubuhi ile ile. Kila mmoja akapewa punje ishirini, akaambiwa agawe kama vile fedha ni zake.

Kopo la vikao vya wadau lilipata punje tatu. Lile lisilo na picha likajaa. Tukawauliza, humu mmeweka nini? Hapo ndipo kikao kilipoanza kweli. Mabinti wakasema mlezi wa watoto, na wakamtaja kabisa mama wa mtaani wanayemwamini. Wengine wakasema kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini kwa jina lako, na mambo ya akaunti ya kikundi yanakwama hapo hapo. Tunawapa elimu ya fedha watu wanaotumia laini za dada zao. Bodaboda mmoja akakataa kuweka hata punje moja kwenye kopo la walimu. Akasema: "Ujasiriamali nimeshafundishwa mara nne. Hakuna aliyewahi kunifundisha kusoma mkataba wa pikipiki."

Mnaijua pikipiki ya mkataba. Unaichukua kwa tajiri, unapeleka hesabu kila siku, muda ukiisha inakuwa yako. Siku ukiugua, au ikikamatwa, kila kitu kinategemea kilichoandikwa kwenye karatasi uliyosaini bila kuisoma. Tuliyaondoa mafunzo ya ujasiriamali kwa kundi lile, tukamtafuta msaidizi wa kisheria akae nao jioni nne pale pale kijiweni, mikataba yao mikononi. Hakuna hata mmoja wetu watano wa hotelini ambaye angelifikiria hilo. Tuna shahada, lakini hatujawahi kupeleka hesabu.

Nao walikosea mahali. Walitaka studio ya muziki, na kwa fedha ile isingewezekana. Tukaweka bei za vifaa mezani, tukabishana kama saa nzima, wakaifuta wenyewe. Sijaona aliyenuna. Nimeona watu wakinuna wanapoambiwa "tutalifanyia kazi" na wasisikie tena.

Najua mnavyojibu, kwa sababu nimeshayajibu hayo mwenyewe vikaoni. Vijana watadai posho. Ndiyo, watadai, na ni haki yao. Mshauri mwelekezi tunamlipa kwa siku ili atuambie vijana wanataka nini. Bodaboda akikaa nasi nusu siku, hesabu ya tajiri haimsubiri. Mlipeni muda wake kama mnavyomlipa mshauri, kidogo kidogo lakini kwa uwazi, na mwambieni mapema ni kiasi gani. Jibu la pili ni kwamba vijana wanahama, wanakua, wanaoa. Ni kweli. Nasi maafisa miradi tunahama mashirika kila baada ya miaka miwili, na hakuna aliyesema tusishirikishwe.

Jambo linalonisumbua zaidi ni nani anayekuja. Tukimwomba mtendaji wa kata atuletee vijana kumi, tunaletewa wale wale: msemaji mzuri, mpwa wa kiongozi fulani, kijana ambaye ana fulana za mashirika sita na anajua kusema "uwezeshaji" kabla hujamuuliza. Ni vijana wazuri, wengine ni rafiki zangu, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Lakini binti wa kazi za ndani hayumo. Yeye mapumziko yake ni Jumapili alasiri, na ana ruhusa ya kwenda kanisani tu. Kijana asiyesikia hayumo, kwa sababu mkalimani wa lugha ya alama hakuwekwa kwenye bajeti. Mama mwenye miaka 17 hayumo. Hawa hawapatikani kwa barua ya mwaliko. Unawafuata bombani, saluni, kijiweni, mlangoni mwa kanisa na msikiti, kwa saa zao. Na kwa walio chini ya miaka 18 tuwe waangalifu: ridhaa ya mzazi au mlezi, watu wazima wawili chumbani, hakuna kumuuliza mtoto habari za mwilini mwake mbele ya wenzake, hakuna kupiga picha za nyuso kwa ajili ya jalada la taarifa.

Kuna mahali hapa jirani ambapo jambo hili lilifanywa kwa upana. Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, mwaka 1987, Mkanada Bob Munro alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana, MYSA. Watoto walitaka mpira. Mtaa ulikuwa na takataka na mitaro iliyoziba. Wakaviunganisha: timu inayosafisha mtaa wake inapata pointi, na pointi hizo zinaingia kwenye msimamo wa ligi pamoja na za uwanjani. Timu inaweza kushinda mechi na bado ikapitwa kwa sababu haikushika koleo. Wasichana waliingia uwanjani mwaka 1992. Vijana walichagua viongozi wao wa kanda, wakakaa kwenye mabaraza yanayoamua mambo ya ligi, na aliyejitolea sana, akafundisha wadogo, akaamua mechi, akaongoza usafi, alijipatia pointi za kulipiwa ada ya shule. Humo ndimo ilimozaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya.

Wengi wakieleza habari ya Mathare hukimbilia ubingwa. Mimi huwaza ule msimamo wa ligi. Mtoto wa miaka 12 ambaye alama zake za kushika koleo zimeandikwa ubaoni hahitaji kuhamasishwa kwa semina. Anajua kanuni, anajua nani aliichagua, na akiona imevunjwa anajua pa kulalamikia.

Mwaka 2025 ulitufundisha jambo kwa nguvu. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili iikague, na Julai 1 shirika lake la misaada, USAID, likafunga shughuli zake. Wenzetu wengi walipoteza kazi. Nawapa pole kutoka moyoni. Nilichokiona kwenye kata ninazofanyia kazi ni hiki: vikundi vya vijana tulivyoviunda sisi, kwa siku tulizopanga sisi, vilikufa wiki ile ile nauli ilipokatika. Vilivyochagua vyenyewe siku, kanuni na mweka hazina bado vinakutana. Vingine vinakutana chini ya mwembe, bila daftari letu.

Nawaomba, basi. Wafadhili, mkitoa tangazo la ruzuku ya vijana, tupeni miezi miwili badala ya wiki tatu, na fedha ndogo ya hatua ya kubuni itoke kabla ya andiko kamili. Mkishindwa hilo, basi ruhusuni sehemu ya bajeti ibaki wazi, kama lile kopo, ijazwe na walengwa wenyewe ndani ya miezi mitatu ya mwanzo bila kuomba kibali cha pili. Nanyi acheni kupokea karatasi ya mahudhurio kama ushahidi wa ushirikishwaji. Tuulizeni kijana alisema nini kilichobadilisha mradi. Tukikosa hata jambo moja la kutaja, mtakuwa mmepata jibu.

Wakurugenzi na wajumbe wa bodi, wekeni vijana wawili kwenye bodi, wawili na si mmoja, kwa sababu mmoja peke yake katikati ya wazee wenye tai hunyamaza. Makabrasha wapeni mapema na kwa Kiswahili. Na mradi ukishaanza, rudini kwa waliowapa mawazo mkawaambie lipi lilichukuliwa, lipi liliachwa na kwa nini. Katika miaka yangu yote ya uelimishaji rika hakuna aliyewahi kurudi kutuambia.

Maafisa maendeleo ya jamii, ninyi mnatujua sote. Andiko likija kuombewa barua ya utambulisho, ulizeni swali moja kabla ya muhuri: vijana gani wameliona, na mnaweza kunipeleka kwao? Mkifanya hivyo kwa mwaka mmoja, nusu ya mazoea yetu haya yatabadilika bila sheria mpya.

Andiko langu linalofuata linafungwa mwishoni mwa mwezi ujao. Jopo la kulipitia lina watu saba, wanne kati yao wako chini ya miaka 25. Yule binti niliyemkuta anafua nguo ni mmoja wa wanne hao. Tunakutana Jumapili saa tisa alasiri, saa aliyoichagua yeye, na mwanawe, ambaye siku hizi anakimbia, ana mlezi na kikombe chake cha uji kwenye bajeti. Wiki iliyopita aliniambia ukurasa wa tano haueleweki na niuandike upya. Nimeshauandika.

Wenu katika kazi,

Mwelimishaji rika wa zamani, sasa afisa mradi
Temeke, Dar es Salaam